Padloq Alikataa

Wifi yangu Padloq alikataa. Natanguliza hilo kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mjini, wa redioni na wa maofisini wakisema alikubali. Hakukubali. Alikataa mchana kweupe, mbele ya bendera za mataifa yote ya kaskazini, akimtazama mwenyekiti usoni, na mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Anayebisha aje anibishie mimi. Nyumba yangu ni ile nyekundu ya mwisho kabla ya mahali tunapofunga mbwa, na kahawa ipo.

Padloq ni dada wa mume wangu, Qisuk. Mawifi wengine hupikiana majungu. Sisi tunatukanana usoni na kila mtu analala vizuri. Yeye husema mchuzi wangu wa sili una ladha ya sabuni kwa sababu nilizoea masufuria ya Wamarekani, maana usichanani mwangu niliosha vyombo jikoni kwenye kambi yao ya jeshi iliyo huku kwetu kwa miaka kadhaa. Mimi humwambia kwamba kitu pekee kilichokubali kuishi naye ni sindano. Si kweli. Aliolewa, akampenda mumewe mpaka kifua kilipomchukua marehemu, lakini ndivyo tunavyoongea sisi.

Kazi yake ni kushona viatu virefu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini tunayemla. Wawindaji wa wilaya nzima wanavaa viatu vyake, na yeyote anayetembea juu ya bahari iliyoganda anajua kwamba mshono ukivuja, vidole vya miguu vinakwenda. Jioni anafagia darasa la shule. Ni mtu wa kukataa tangu utoto. Alipokuwa mdogo Wadanishi wanaotutawala walimpeleka kwao Denmark mwaka mzima, akakae na familia asiyoijua, eti ajifunze lugha na ustaarabu. Aliporudi, mama yake akamuuliza kama alipapenda. Padloq akakunja pua, akavua viatu vya dukani, na habari za Denmark zikaishia hapo mpaka leo. Mwanaume wa kwanza kumposa alikuwa na mashua yenye injini mpya. Pua ikakunjwa. Kasisi alimwomba aimbe kwaya, naye akapata pua yake.

Kwetu mtu akikubali huinua nyusi. Akikataa hukunja pua. Hakuna kingine. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake anajua hilo kabla hajajua kusema maji. Mdanishi anayeendesha duka alijua wiki yake ya kwanza, nesi alijua, hata yule kasisi mzito wa kuelewa alijua. Ukishakunja pua halafu ukaongeza na maneno, umemwambia mwenzako kwamba ni mjinga. Na kumpazia mgeni sauti, hiyo ni aibu ambayo watu watamsimulia mjukuu wako.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Ng'ambo ya pili ya maji yetu, upande wa Kanada, walichimba mgodi. Mgodi ukataka kupeleka mawe yake kwa meli, si wakati wa kiangazi tu kama kila mtu, bali hata mwezi wa nne, jua likisharudi na bahari bado imeganda. Wakati huo ndipo nyangumi wa pembe wanapofika kwenye ukingo wa barafu, na wanaume wetu wanakwenda kuwangoja huko na sleji za kuburutwa na mbwa, na mitumbwi ya kayaki. Meli ya kuvunja barafu ikipita katikati, kila kilichobaki upande wa nje kinaachana na nchi kavu na kwenda zake. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo hapa kijijini.

Kwa kuwa maji yale yanagusa nchi zaidi ya moja, shauri likapelekwa kwenye baraza la mataifa ya kaskazini. Katika baraza lile hawapigi kura. Mwenyekiti anauliza kama yupo anayepinga. Asipokuwepo, jambo limepita. Akiwepo hata mmoja, limekwama. Na sisi wenyeji tuna kiti chetu pale mezani, pamoja na haki ya kupinga kama wenye bendera. Kiti hicho tulipewa kwa sherehe kubwa, na picha zake bado zimebandikwa ukumbini.

Aliyekuwa akikikalia siku zote ni Aqqalu. Aqqalu ndiye mwakilishi wetu. Nasema wetu kwa sababu ndivyo kadi yake inavyosema. Alizaliwa kijiji cha kusini ya kwetu, mama yake alichuna sili kama mama yangu, kisha yeye akaenda mji mkuu, akavaa suti, na tangu hapo tunamwona kwenye televisheni akishuka kwenye ndege za watu. Sina ugomvi na suti. Nina ugomvi na kilichokuwa ndani yake.

Safari hii wawindaji walisema kiti kikaliwe na mtu wa huku. Mzee Uusaqqaq, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko kisu chake, ndiye aliyemtaja wifi yangu. "Mpelekeni Padloq," alisema ukumbini. "Huyo hata kifo kikija kumchukua atakikunjia pua, nacho kitarudi kilikotoka." Watu walicheka, na Padloq akainua nyusi, na ikawa amekubali.

Mimi nilitaka kwenda naye. Kiingereza nakijua, ingawa ni cha jikoni. Lakini Aqqalu alisema kwenye simu kwamba tiketi ni moja, na kwamba mkalimani ni yeye mwenyewe, Mama Bebiane usijisumbue. Bebiane ndiye mimi. Sikujisumbua, na najilaumu bure, maana wa kulaumiwa ana jina na ana ofisi.

Mkutano ulikuwa Norwe, kwenye hoteli moja ya mjini Tromsø. Walimwomba Padloq avae nguo zetu za sikukuu, suruali ya manyoya ya mbweha na viatu vyeupe vya kufika pajani. Akavaa. Siku ya ufunguzi walimwomba awashe taa ya mafuta ya sili mbele ya mawaziri. Akawasha, ukumbi wa hoteli ukanuka sili, na mawaziri wakapiga makofi. Walimpiga picha akiwa amesimama, akiwa amekaa, akiwa anakunywa chai. Aliniambia alijiona kama dubu aliyekaushwa akawekwa mlangoni, lakini alivumilia kwa sababu alikuwa amekwenda kwa ajili ya jambo moja tu, akataka kulifikia.

Siku ya mwisho lilifikiwa. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye sauti laini, wa nchi mojawapo kati ya zile kubwa. Akasoma karatasi ya njia ya meli. Aqqalu akamnong'oneza Padloq kila neno, na kwa hilo alifanya kazi yake sawasawa. Kisha mwenyekiti akauliza, kuna mjumbe yeyote anayepinga? Akazungusha macho meza nzima, akafika kwa wifi yangu, akatabasamu.

Padloq akakunja pua. Na si ile ya haraka ya kukataa sukari kwenye kahawa. Aliikunja mpaka mashavu yakapanda, macho yakafumba nusu, uso wote ukajaa hapana. Aliniambia, "Wifi, niliona haya. Nilijiambia nimezidisha, nimemkemea mzee wa watu mbele za watu." Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa adabu. Akagonga nyundo yake ndogo ya mbao, akafungua karatasi nyingine.

Padloq angejuaje kwamba hakueleweka? Amemkatalia mtu, mtu ametikisa kichwa, wamemaliza. Alimtazama Aqqalu pembeni yake, naye Aqqalu alikuwa anaandika. Basi wifi yangu akarudi nyumbani na roho nyeupe. Uwanja wa ndege alinunua sindano za ngozi na kopo la kahawa nzuri.

Helikopta ilipomshusha, kijiji kizima kilikuwa pale. Qisuk akamuuliza, "Vipi dada, meli zinapita?" Padloq akakunja pua, na wanaume wakashika mikono yake mmoja mmoja. Siku ile nyumba yake haikufungwa mlango, watu wanaingia, wanakula ngozi mbichi ya nyangumi na keki, wanatoka, wengine wanaingia. Uusaqqaq alikula mpaka akalegeza mkanda. "Nilisema mimi," alirudia kwa kila aliyeingia. "Nilisema huyu ndiye."

Mwezi wa nne wanaume wakaenda kwenye ukingo wa barafu.

Qisuk alikuwa amewafunga mbwa wake kwa kamba iliyopitishwa kwenye tundu la barafu, kama tunavyofanya sote, karibu na hema na kayaki. Kisha akarudi nyuma kwa miguu kumsaidia Uusaqqaq, ambaye sleji yake ilikuwa imenasa kwenye barafu mbovu upande wa nchi kavu. Wakiwa wanaivuta waliona moshi. Waliiona meli, nyekundu, mbali, ikipita kama inayopita barabarani. Qisuk alicheka kwanza. Alimwambia mwenzake kuna mtu kapotea njia. Walikuwa bado wamesimama wakiitazama wakati barafu ilipolia chini yao, na ufa ukafunguka kati yao na mbwa.

Maji yaliongezeka upana huku wakiyatazama. Kayaki ilikuwa ng'ambo, na mbwa walikuwa ng'ambo, wamefungwa. Walisimama wote kwa pamoja wakimtazama Qisuk, kwa sababu walimjua kama mtu ambaye hurudi. Alitaka kuruka. Uusaqqaq alimshika kofia ya koti kwa nyuma, akamwangusha, akamlalia juu. Mume wangu ni mtu mzima mwenye nguvu, na mzee yule alimlalia mpaka kipande kile cha bahari kikawa mbali na hakuna tena la kuruka.

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Barafu iliyovunjika ilikuwa nyingi mno kwa mashua na haba mno kwa sleji. Niliwapigia simu watu wa helikopta mwenyewe. Mtu wa simu akaniuliza kuna binadamu huko? Nikasema kuna mbwa, ndio maisha yetu. Akasema pole mama, helikopta ni ya binadamu. Tuliwasikia wakilia kutoka ufukweni, mchana wote, na watoto wa kijiji wakawekwa ndani ili wasisikie. Upepo ulipoongezeka tukaacha kuwasikia.

Mwanaume wa kwetu asiye na mbwa si mwindaji. Ana miguu tu. Kukuza kundi jingine kunachukua miaka, na Qisuk alikuwa ameshaanza kuwa na mvi. Hakulia, hakugombana na mtu. Alikaa dirishani. Ningefurahi kama angevunja kitu.

Ndipo redio ikasema. Ilisema safari ya kwanza ya meli ya majaribio imefaulu, na kwamba njia hiyo ilipitishwa na baraza bila upinzani wowote, wawakilishi wa wenyeji wakiwa miongoni mwa waliokubali. Nilikuwa napika. Nilizima jiko, nikavaa koti, nikaenda kwa Padloq. Nilimkuta ameshasikia. Alikuwa ameshika kiatu mkononi na sindano haiendi.

"Wifi," akaniambia, "mimi nilikataa."

"Najua ulikataa."

"Qisuk anajua?"

Qisuk alikuwa haongei na mtu. Lakini wengine waliongea. Dukani watu waliacha kumsogelea. Mwanamke mmoja alirudisha viatu alivyokuwa ameagiza. Na Uusaqqaq, ambaye alikuwa amemlalia mume wangu barafuni na alikuwa na kila haki ya kuwa na hasira, hasira yake akaipeleka mahali sipo. Alimkuta Padloq kwenye foleni ya duka, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Padloq, kule hotelini walikupa kahawa gani? Ililainisha pua, eh?"

Padloq aliweka kikapu chake chini, akatoka bila kununua kitu. Ningemrukia yule mzee. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mdomo wake umeoza kuliko nyama ya mbwa, na nikamfuata Padloq nje. Wifi yangu hakuwahi kuwa na utajiri. Alikuwa na neno lake tu, kwamba akikataa amekataa, na sasa watu walikuwa wanalikanyaga pale sakafuni mwa duka.

Nilimleta jikoni kwangu tukampigia Aqqalu. Niliweka simu mezani, sauti yote juu, ili na Qisuk pale dirishani asikie.

"Dada Padloq," Aqqalu akasema, "nimesikia habari za mbwa. Nimeumia sana."

"Redio inasema nilikubali."

"Hukusema kitu, dada. Baraza lina utaratibu wake. Asiyesema amekubali."

"Nilikunja pua."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Dada, mezani pale hakuna anayeangalia pua."

"Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu," Padloq akasema. "Wewe unaangalia nini?"

Akaanza kueleza. Kwamba uhusiano ni kitu cha kujengwa polepole. Kwamba kiti chetu pale ni cha hisani, tukikwamisha kila jambo watatutafutia njia ya kututoa. Kwamba mgodi ule ndio unaochangia gharama za ofisi ya wenyeji, na hilo tulikuwa hatulijui. Kwamba yeye anatazama mbali. Aliongea mpaka maji niliyobandika yakachemka. Padloq akamuuliza mara ya pili, "Uliniona?" na simu ikakatika. Labda mtandao. Huku mtandao hukatika, na husaidia sana watu wa aina yake.

Qisuk aligeuka kutoka dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu arudi. "Dada," akasema, "mimi sikukudhania." Padloq akainua nyusi, kisha akaficha uso wake kwenye mkono wa koti, na mimi nikamimina kahawa ili niwe na la kufanya.

Ruhusa ile ilikuwa ya majaribio. Majira ya baridi baraza lingekaa tena, kuamua kama meli zipite kila mwaka. Kabla ya hapo, kukiwa bado hakujaganda, wakatangaza kwamba mwenyekiti mwenyewe anakuja kijijini kwetu kusikiliza wenyeji. Tukasema sawa. Padloq alisema kidogo zaidi. Alisema, "Aje na Aqqalu."

Walikuja wote wawili, na mpiga picha. Tulipika, kwa sababu mgeni ni mgeni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti alisema kwa sauti yake laini kwamba mioyo yao iko pamoja nasi, kwamba mbwa watalipwa, kwamba hajawahi kuona mahali pazuri kama hapa. Aqqalu alitafsiri vizuri, hata pale kwenye pazuri. Alipofika kwenye kulipwa mbwa, Qisuk alisimama akatoka nje, taratibu, akafunga mlango bila kelele.

Kisha mwenyekiti akauliza lile lile. Je, yupo hapa anayepinga meli kuendelea kupita?

Aqqalu akatafsiri. Na ukumbi mzima ukakunja pua. Wazee, wanawake, wanaume wa bandarini, mwalimu wetu, msichana wa kliniki aliyekuwa amesimama na sahani ya keki. Mimi nimeishi miaka yangu yote hapa na sijawahi kuona hapana kubwa namna ile mahali pamoja.

Mwenyekiti alizungusha macho, akingoja. Akamwinamia Aqqalu, akamuuliza kwa Kiingereza, "Wamenyamaza. Hii ni nzuri au mbaya?"

Na Aqqalu akamjibu, kwa Kiingereza hicho hicho, bila hata kupunguza sauti, kwa vile alijua anaongea na watu wasiomwelewa. "Ni watu wenye haya. Wangekuwa na la kupinga wangekuja kwangu."

Nilisimama, nikawageukia watu wangu, nikawaambia kwa lugha yetu, neno kwa neno, alichouliza yule na alichojibu huyu. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Aqqalu alikuwa amenisahau, au alidhani vyombo vya Wamarekani huoshwa na viziwi.

Watu hawakupiga kelele. Walimtazama tu. Padloq ndiye aliyeinuka. Hakumwendea mwenyekiti, hakumtupia hata jicho. Alikwenda akasimama mbele ya Aqqalu, karibu kama wakaavyo mama na mwanawe wakizungumza, akasema kwa sauti ya kawaida.

"Mdogo wangu, mimi sigombani na mgeni. Mgeni hajui. Nakuuliza wewe. Siku ile nilipokataa, uliniona au hukuniona?"

Aqqalu alitazama kikombe chake.

"Nitazame mimi. Kikombe sicho kilichokuja Tromsø."

Akainua uso. Sijui alikuwa amepanga kusema nini. Pengine alikuwa na maneno tayari, anayo siku zote. Lakini alikuwa amezaliwa na mama aliyechuna sili, na kabla mdomo wake haujafunguka, nyusi zake zikapanda juu.

Ndiyo. Alimwona, anakiri, ndiyo. Tuliona wote. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Aqqalu mwenyewe alijua kilichomtoka, kwa maana alijifuta paji la uso kana kwamba angeweza kuzishusha kwa mkono, lakini nyusi zilikuwa zimeshasema.

Uusaqqaq akanyanyuka. Alikwenda kwenye birika, akajaza kikombe, akapita mbele ya mwenyekiti na mbele ya Aqqalu, akampa Padloq kwa mikono miwili. "Kahawa ya huku," akamwambia, "haina kitu ndani." Ndiyo msamaha aliouweza yule mzee. Padloq aliupokea, akanywa, na mpiga picha akampiga picha.

"Kumetokea nini?" mwenyekiti akauliza.

Nikamwambia mimi, kwa Kiingereza changu cha jikoni. Nikamwambia mama huyu alikukatalia kule mkutanoni, kwa uso wake, ukamtikisia kichwa. Huyu mtu wako alimwona. Sasa hivi amekiri mbele yetu sote.

Mwenyekiti akamtazama Aqqalu kwa muda, akanigeukia kwa upole kabisa. "Mama, nilikuwa namtazama wakati wote. Hajasema kitu."

"Amesema kwa nyusi."

"Mimi siwezi kuandika nyusi."

"Basi andika mdomo wangu. Tunakataa. Kijiji kizima kinakataa."

Akasema anaheshimu sana hisia zangu. Akasema pia kwamba kikao hiki ni cha kusikiliza, si cha kuamua, na kwamba pingamizi rasmi huletwa na mwakilishi aliyesajiliwa. Akamuuliza Aqqalu, kwa adabu zote, kama ujumbe wake una pingamizi la kuleta. Aqqalu alikuwa amesharudi ndani ya suti yake. Akasema kumbukumbu za mkutano zipo na zinajieleza. Nilimwambia maneno niliyojifunza kwa wapishi wa Kimarekani, ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu watoto husoma. Kwa mara ya kwanza siku ile mwenyekiti alielewa moja kwa moja, bila kuuliza.

Waliondoka kabla giza halijaingia. Tulipiga simu ofisi ya wenyeji, tukasema huyu si mwakilishi wetu tena. Tukaambiwa mwakilishi huteuliwa na bodi, na bodi hukaa mwezi wa sita. Baraza lilikaa mwezi wa kwanza. Hatukualikwa, maana tulishasikilizwa. Njia ya meli ikapita bila upinzani, na kwenye kitabu chao kizuri chenye kurasa za kung'aa waliandika kwamba wenyeji walishirikishwa hadi ndani ya kijiji chao, wakaweka na picha. Ni ya Padloq. Ameshika kikombe, macho yameshuka, na asiyejua angesema ni mwanamke aliyetulia.

Kijijini neno lake lilirudi mahali pake. Anayesema alikubali hapa kwetu hayupo, na yule mwanamke alirudi kuvichukua viatu vyake, akaviomba kwa unyenyekevu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa viatu vya mwisho kuagizwa mwaka ule, maana asiyekwenda barafuni havihitaji.

Mwezi wa nne meli ikapita tena. Qisuk alikuwa dukani akipakua makasha ya biskuti, kazi aliyopewa na yule Mdanishi. Uusaqqaq alikuwa kwake. Wanaume wengine walikuwa wamewafunga mbwa nchi kavu, wakivua samaki karibu na nyumba, maana hakuna aliyekuwa tayari kuweka kundi lake mahali palipoondoka na kundi la mwenzake. Tulisimama na Padloq mlangoni kwake tukaitazama ikienda, nyekundu, mpaka ikatoweka. Baada ya wiki chache ikatoka taarifa ya baraza, nayo redio ikaisoma asubuhi tukinywa chai. Meli imepita salama kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mtu wala mnyama aliyedhurika.